Viatu vya Siku ya Mgeni

Keziah aliamka kabla ya kuitwa, kwa sababu aliyechelewa kuamka katika nyumba ya Bi Whinnett alimwagiwa maji. Alitoka chini ya ngazi, mahali alipolala na mdogo wake Jabez juu ya magunia mawili, akachukua ndoo na kwenda kwenye pampu ya kijiji. Ilikuwa Januari. Mpini wa pampu ulikuwa umeganda barafu, ikambidi aufunike kwa aproni yake ndipo aweze kuushika. Aliporudi aliwasha moto, akatoa majivu ya jana, akafagia, akateleka chai, kisha akaketi kwenye kigoda na kuanza kusuka.

Kila mtu katika kijiji cha Sharrow End alisuka. Walichukua mabua ya ngano, wakayapasua membamba, wakayalowesha, wakayasuka yakawa kili ndefu, na kila Jumatatu kili hizo zilipelekwa mjini Luton kutengenezewa kofia. Mabua makavu hukatika, kwa hiyo watoto waliyaweka mdomoni yapate mate. Pembe za midomo yao zilikuwa na michubuko mwaka mzima. Keziah alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kabla ya kunywa chai alitakiwa awe amesuka yadi mbili.

Alipomaliza ya pili alirudi chini ya ngazi.

“Jabez, amka.”

“Nimeamka.”

“Mbona hutoki?”

“Mimi nimeamka. Mguu ndio haujaamka.”

Keziah alifunua gunia. Wiki tatu zilizopita Jabez alipata vidonda vya baridi vidoleni, kama watoto wote wa kijiji. Huvimba, huwasha, mtoto hujikuna, na majira ya kuchipua yakifika hupona. Vya Jabez havikupona. Vilipasuka, vikatoa maji, na sasa kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Kilikuwa na harufu pia. Keziah alikifunga kwa kitambaa kilekile cha jana, maana hakikuwapo kingine.

“Inauma?”

“Jana iliuma zaidi,” alisema Jabez. “Leo sikisikii kabisa.”

Keziah alidhani hiyo ni habari njema.

Watoto hawa wawili hawakuwa na mama wala baba. Baba yao alifukiwa na udongo kwenye machimbo ya chokaa, na mwaka uliofuata mama yao alikufa kwa homa. Walipelekwa Nyumba ya Maskini, ile ya mawe yenye ukuta mrefu. Baadaye kamati ya yatima ikawatoa na kuwaweka kwa Bi Whinnett, mjane mwenye mtoto mmoja, alipwe kila wiki kwa kuwalea. Kamati ilileta pia nguo, blanketi na viatu. Blanketi lilikuwa kitandani kwa Bi Whinnett. Viatu vya Jabez vilikuwa miguuni mwa Eli, mwana wa Bi Whinnett. Viatu vya Keziah alivivaa Bi Whinnett mwenyewe akienda Luton, kwa kuwa alikuwa na miguu midogo. Yatima walivaa viatu vikuukuu vya marehemu Bwana Whinnett, vilivyojazwa majani makavu visichomoke miguuni.

Bi Whinnett hakuwa mwanamke wa kupiga. Alikuwa mwanamke wa kuchukua. Siku hizo kili za bei rahisi zilikuwa zinaletwa kwa meli kutoka nchi za mbali, na wanunuzi wa Luton walimpa nusu ya bei ya zamani. Alikuwa na shida, hilo ni kweli. Lakini shida zake alizivisha miguu ya watoto wa wenzake.

Mchana walikwenda shule ya kusuka, nyumbani kwa Bi Sapwell. Ilikuwa shule kwa jina tu. Watoto ishirini walibanana katika chumba kimoja, kila mmoja na fungu la mabua kwapani, na Bi Sapwell akizunguka na kifimbo chake kuangalia nani amelegeza mkono. Hapakuwa na moto, kwa sababu cheche moja tu ingeteketeza mabua yote na watoto pamoja nayo.

“Nani amekuja na jibini bovu humu?” alisema Eli kwa sauti, akiziba pua.

Watoto wakacheka.

“Si jibini,” alisema msichana mwingine. “Ni hawa wa Nyumba. Kule hawaogi, wanakwanguliwa tu kama viazi.”

“Na hata viazi vinakwanguliwa mara moja kwa wiki!”

Bi Sapwell aligonga kifimbo mezani. “Midomo ni ya mabua, si ya kelele! Lakini kweli kitu kinanuka. Keziah, mdogo wako ana nini?”

Mikono ya Keziah haikusimama. Mikono ya msukaji haisimami hata akiulizwa jambo gani. “Amekanyaga kinyesi cha ng'ombe njiani, bibi.”

“Basi akae mlangoni.”

Jabez alikaa mlangoni, penye upepo, mpaka jioni.

Waliporudi walimkuta Bi Whinnett ameshika kadi iliyoletwa na posta. Alikuwa amechangamka, na Keziah alijua maana yake kabla hajaambiwa.

“Kesho anakuja mgeni wa kamati,” alisema Bi Whinnett. “Jabez, kaoge. Keziah, lete blanketi langu ulitandike kwenye kitanda cha Eli, mseme ndipo mnapolala. Eli, vua viatu.”

“Aaa, mama! Mbona kila mara ni mimi?”

“Vua! Utarudishiwa kesho jioni.”

Kila wiki sita mgeni alikuja, na kila mara kadi ilitangulia. Kamati iliona ni adabu mbaya kuingia nyumbani kwa mtu bila taarifa. Pia ilikuwa adabu mbaya kupekua. Mgeni aliketi, akanywa chai, akawauliza watoto kama wana raha, akatazama viatu, akaandika na kuondoka.

Bi Whinnett aliinama mbele ya Keziah, akamshika mabega yote mawili. Hakumfinya. Aliongea polepole kama mtu anayetoa ushauri mzuri.

“Wewe ni mkubwa, una akili. Mkinisemea vibaya, mimi nitapoteza riziki tu. Ninyi mtarudi Nyumba. Unakumbuka kule?”

“Nakumbuka, mama.”

“Wavulana wako wapi?”

“Upande wa pili wa ukuta.”

“Ee. Na yule mdogo wako mdogo vile, nani atamfunga kitambaa?”

Keziah alikumbuka vizuri. Miezi saba alimwona Jabez siku za Jumapili tu, kanisani, kisogo chake kikiwa safu ya nne kutoka mbele. Siku moja Jabez aligeuka kumtafuta, akapigwa. Tangu hapo Keziah alijiapiza kwamba lolote litakalotokea, hawatatenganishwa tena. Kwa hiyo kabla ya kulala alimfundisha.

“Ukiulizwa lolote, unasemaje?”

“Haiumi.”

“Hata ikiuma?”

“Haiumi,” alisema Jabez, akasinzia.

Asubuhi ya Alhamisi ilichukua muda mrefu kumvisha. Viatu vilikuwa vimelowa miguuni mwa Eli na kukaushwa karibu na moto, vikawa vigumu kama ubao. Kidole kilichokuwa hakisikii kilianza kusikia. Jabez aliuma mkono wa koti lake asipige kelele, na Keziah akafunga kamba huku akitazama pembeni.

Mgeni alikuwa Bibi Leddington. Alikuwa msichana mzima wa miaka ishirini na kitu, binti wa mwenye kinu cha unga, na hii ilikuwa mara yake ya pili tu. Alikuwa na glavu za kijivu na daftari jipya, na aliogopa kuwaudhi watu. Alikubali chai. Alisifu moto. Kisha akawageukia watoto, waliosimamishwa kando ya meza.

“Hamjambo? Mnakula vizuri?”

“Ndiyo, bibi.”

“Jana mlikula nini?”

“Viazi na nyama ya nguruwe, bibi,” alisema Keziah. Viazi ilikuwa kweli.

“Na mnalala wapi?”

“Juu, bibi. Na blanketi.”

“Viatu je? Naona vinang'aa.”

“Navipiga rangi mwenyewe, bibi,” alisema Bi Whinnett. “Nasema hivi, mtoto wa mwenzio ni wako, hata kama hukumzaa. Si ndiyo, wanangu?”

“Ndiyo, mama,” alijibu Keziah.

Bibi Leddington aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi kwa muda. Kisha akamtazama Jabez, aliyekuwa amesimama kwa kisigino, mkono mmoja ukishika ukingo wa meza.

“Na wewe, mbona kimya? Una furaha hapa?”

“Haiumi, bibi,” alisema Jabez.

“Nini hakiumi?”

Jabez alimtazama dada yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, yakishuka mpaka kidevuni, lakini uso wenyewe haukulia. Alikuwa amefundishwa akafundishika.

“Haiumi,” alisema tena.

Bi Whinnett alicheka. “Ah, watoto wa kiume, bibi! Amegombana na Eli asubuhi, sasa anaona aibu. Akipata mkate atasahau.”

Bibi Leddington naye akatabasamu, maana ilikuwa rahisi kuliko kuuliza zaidi. Alifunga daftari, akavaa glavu. “Basi, Bi Whinnett, nashukuru. Tutaonana tena baada ya wiki sita.”

Wiki sita. Keziah alihesabu kichwani kama anavyohesabu yadi. Wiki tatu zilizopita kidole kilikuwa chekundu. Wiki mbili zilizopita kilikuwa na maji. Sasa kilikuwa hivyo kilivyo. Alijaribu kufikiria wiki nyingine sita juu ya hizo, na hakuweza, kwa sababu kila alipofika ya pili hakumwona Jabez ndani yake. Alikuwa amesema uongo ili asitenganishwe na mdogo wake kwa ukuta. Uongo huohuo ulikuwa unamtenganisha naye mahali pasipo na hata Jumapili.

Bibi Leddington alikuwa ameshika kitasa.

“Bibi, usiende.”

“Keziah,” alisema Bi Whinnett kwa sauti ya chini.

“Viatu hivi hatuvivai siku zote, bibi. Wala hatulali juu. Nimekudanganya kila kitu isipokuwa viazi.” “Tafadhali mvue soksi.”

“Mwongo mkubwa we!” Bi Whinnett aliruka. “Bibi, usimsikilize, hawa wa Nyumba wanazaliwa na uongo mdomoni! Nimewalisha, nimewaogesha, kila siku nahangaika nao, leo ndiyo shukrani! Vidonda vya baridi tu hivyo, nani hana? Tazama hata mimi ninavyo!”

Kichwa cha Eli kilitokeza juu ya ngazi. “Mama, waambie wasivikate kamba! Jioni navaa mimi!”

Bibi Leddington alimtazama Eli. Alitazama miguu mitupu ya Eli. Kisha akavua glavu zake zote mbili, akaziweka mezani juu ya mabua, na kupiga magoti sakafuni.

Kiatu kilitoka kwa shida. Soksi haikutoka kabisa, ilikuwa imegandana na nyama. Ilibidi walete bakuli la maji ya uvuguvugu na kuilowesha kidogo kidogo, Keziah akimshika Jabez kichwa kifuani. Harufu ilipotoka, Bi Whinnett mwenyewe alirudi nyuma hatua moja.

“Sikujua imefika hapa,” alisema. “Haki ya Mungu sikujua.”

“Ulilala naye nyumba moja,” alisema Bibi Leddington. Alikuwa mweupe kama chaki, lakini mikono hakuiondoa kwenye bakuli. “Mimi nilikuja hapa Desemba. Alisimama palepale. Nikaandika kwamba viatu ni vizuri.”

Alimfunga Jabez kwa koti lake na kumbeba mwenyewe mpaka kwenye gari la farasi, Keziah akikimbia nyuma na viatu vya marehemu Bwana Whinnett. Walikwenda maili tano kwa daktari.

Daktari alikata vidole viwili vya mguu, kile kidogo na cha kando yake. Alikuwa mzee asiyependa kubembeleza watu. “Mngeniletea wiki ijayo ningekata mguu,” alisema akinawa mikono. “Wiki ya pili msingeniletea mimi, mngempelekea seremala apime jeneza.”

Ningependa kuwaambia kwamba Keziah alipata malipo ya ukweli siku hiyohiyo. Hakupata. Jabez alihitaji kitanda cha wagonjwa, na kitanda kilichopatikana kilikuwa Nyumba ya Maskini. Keziah naye hakuwa na mahali pengine. Lango lilifunguliwa, mmoja akapelekwa huku, mwingine kule, na ukuta ulikuwa palepale ulipokuwa.

Siku kumi na nane Keziah alishona mashuka upande wa wasichana. Hakuruhusiwa kumwona mgonjwa. Aliambiwa tu, na mpishi, kwamba anakula.

“Si ungenyamaza,” msichana wa kitanda cha jirani alimwambia Keziah. “Mlikuwa nje. Watu wanatamani kutoka, ninyi mnajirudisha.”

“Angekufa.”

“Haya, hakufa. Sasa una nini?”

Keziah alishona mpaka taa ilipozimwa, na kesho yake akashona tena.

Siku ya kumi na tisa aliitwa ofisini. Bibi Leddington alikuwa amesimama pale bila glavu. Pembeni yake, kwenye benchi, alikaa Jabez na gongo dogo la mti, amenenepa mashavu.

“Kez! Nina vidole vinane tu! Daktari kaniambia kuhesabu kutakuwa rahisi!”

Keziah alimshika akashindwa kumwachia.

“Nimechelewa,” alisema Bibi Leddington. “Nilitaka nyumba itakayowachukua wote wawili, na nilitaka kuiona kwanza mwenyewe, bila kupeleka kadi. Nilizunguka vijiji saba. Bi Whinnett hatapewa mtoto mwingine. Na kamati imekubali, baada ya mabishano, kwamba kuanzia sasa mgeni akifika atawavua watoto soksi. Baadhi ya mabibi wamesema ni aibu. Nikawaambia aibu ninayo mimi tayari.”

Nyumba mpya ilikuwa ya Bi Odell, dobi, mwanamke mnene mwenye mikono myekundu mpaka viwikoni, ambaye watoto wake walikwisha kuoa na kuolewa. Hakuwakumbatia. Aliwapa supu ya njegere, akawaonyesha kitanda, akawaambia mlango wa choo uko wapi na kwamba mbwa haumi.

Asubuhi Keziah aliamka gizani kama kawaida. Alishuka, akatafuta ndoo, akaenda kisimani, akarudi, akaanza kutoa majivu. Bi Odell alimkuta amepiga magoti mbele ya jiko.

“Nani kakutuma?”

“Hakuna, mama.”

“Umelalaje?”

“Vizuri, mama.”

Bi Odell alichukua taa, akamsogezea usoni. Alitazama macho yaliyovimba na pembe za midomo zilizochubuka, wala hakuharakisha.

“Sikiliza, binti. Mimi nafua nguo za watu miaka thelathini. Mtu akiniletea shuka akanificha doa, doa halitoki, linaiva ndani ya kitambaa mpaka kitambaa kinaoza. Akinionyesha, nalitoa siku hiyohiyo. Ndivyo na maumivu. Anayekudhuru akikuomba unyamaze, hakuombi heshima, anakuomba umsaidie kukudhuru. Wewe ulisema, mdogo wako yuko hai. Ulichelewa wiki tatu, na hilo si kosa lako peke yako, wakubwa walikuwa na macho na pua. Lakini ulisema. Usiache tabia hiyo kwa kuwa umefika kwangu. Ukiniambia vizuri wakati si vizuri, mimi nitajuaje la kufanya? Haya, nakuuliza mara ya pili. Umelalaje?”

Keziah alitazama majivu mikononi mwake. Jibu la uongo lilikuwa karibu, limezoea njia. Ilichukua muda kulipita.

“Sikulala, mama. Niliogopa kuchelewa kuamka.” Alipangusa majivu kwenye aproni. “Nimechoka. Nimechoka sana.”

“Ee,” alisema Bi Odell, akimnyang'anya koleo la majivu. “Hilo sasa naweza kulitibu. Panda juu ukalale. Shule nitawaambia mimi.”

Keziah alinawa mikono, akapanda ngazi, akajilaza kando ya mdogo wake. Chini alisikia mtu mwingine akiwasha moto.